ALIPIGA MIA MBILI, AKAANGUSHA WIKETI 11, TIMU IKALALA: KISA CHA FRANKLYN STEPHENSON

Mshabiki wa soka anaijua hali hii vizuri. Straika wako anatupia tatu peke yake, mnarudi nyumbani mmefungwa nne. Magazeti ya kesho yanamsifia yeye, ila pointi zimeenda kwa wengine.

Sasa chukua hali hiyo, izidishe mara kumi, ipeleke kwenye kriketi. Utampata Franklyn Stephenson, kijana wa Barbados, akiwa Nottingham pale Uingereza, Septemba mwaka 1988. Alichofanya siku zile nne wengi hawakifikii maisha yao yote. Timu yake ikapigwa hivyo hivyo. Na kipigo kile hakikuwa kikubwa kuliko kingine alichokuwa ameshakipata miaka mitano kabla, nje kabisa ya uwanja.

Twende taratibu, maana kisa hiki kina mchezo, kina pesa na kina siasa ndani yake.

KRIKETI KWA WASIOIFUATILIA

Wengi huku kwetu kriketi wanaipita tu wakikatiza viwanja vya Gymkhana, wanaona watu wamevaa nyeupe, wanaendelea na safari. Kwa kifupi iko hivi. Kuna anayetupa mpira na kuna anayepiga kwa gongo. Anayepiga anatafuta mikimbio. Anayetupa anatafuta kumtoa mpigaji, na akimtoa tunasema kaangusha wiketi. Kila timu ina wapigaji 11, na wakianguka 10 awamu imekwisha. Mechi zile ndefu kila timu inapiga awamu mbili, ndiyo maana zinachukua siku tatu au nne.

Mpigaji akifikisha mikimbio 100 katika awamu moja, uwanja mzima unasimama kumpigia makofi. Mtupaji akiangusha wiketi tano katika awamu moja, naye anapewa heshima hiyo hiyo. Kwa kawaida hizi ni kazi za watu wawili tofauti. Ni kama golikipa na mfungaji. Lakini kuna wachache wamezaliwa na zote mbili, wanapiga na wanatupa. Stephenson alikuwa mmoja wao, na siyo wa kubahatisha.

Uingereza mechi hizi ndefu zinachezwa na timu za kaunti, yaani majimbo yao. Mwaka 1988 zilikuwa kaunti 17. Yorkshire, Kent, Somerset, Middlesex na nyingine ambazo majina yake unayasikia kwenye ramani tu. Moja ni Nottinghamshire, ambayo uwanja wake unaitwa Trent Bridge. Wapenzi wa soka wakitaka kujua ni wapi, ni jirani tu na uwanja wa Nottingham Forest, kando ya mto Trent.

KIJANA ALIYEZALIWA WAKATI MBAYA

Stephenson alizaliwa Barbados mwaka 1959. Kisiwa chenyewe kidogo sana, lakini kwa kutoa wachezaji wa kriketi hakina mpinzani. Shida ilikuwa moja: alikua wakati ambao timu ya West Indies ilikuwa imejaa watupaji wa kutisha kuliko wakati mwingine wowote. Andy Roberts, Michael Holding, Joel Garner, Malcolm Marshall. Hawa watu walikuwa wanatupa mpira kwa kasi mpaka wapigaji wa dunia nzima wanakosa usingizi. Garner na Marshall wote wanatoka Barbados hiyo hiyo. Kisiwa kimoja, na foleni imeshafika barabarani.

Kwa hiyo kijana akawa anatafuta riziki popote. Mwanzoni mwa miaka ya 80 alicheza Barbados, akaenda Tasmania kule Australia, akapita kaunti ya Gloucestershire, akacheza na ligi za klabu kaskazini mwa Uingereza. Kipaji kilionekana. Nafasi ya timu ya taifa haikuonekana.

Na enzi zile kriketi haikuwa na mamilioni ya leo. Nje ya wale mastaa wa juu kabisa, mchezaji wa West Indies alikuwa mtu wa kuhesabu senti. Msimu ukiisha, kazi imeisha.

Hapo ndipo simu ikapigwa kutoka Afrika Kusini.

PESA YA MAKABURU

Hapa msomaji wa Tanzania hahitaji kufundishwa sana. Miaka ile Afrika Kusini ilikuwa mikononi mwa makaburu, mtu mweusi hana kura wala haki ya kukaa anapotaka. Dunia ilikuwa imewatenga kwenye michezo. Mwaka 1977 nchi za Jumuiya ya Madola zilikubaliana kule Gleneagles, Scotland, kwamba kila nchi iwakatishe tamaa wanamichezo wake kwenda kucheza na makaburu.

Sisi wenyewe tulikuwa tumeshalipa gharama hiyo. Mwaka 1976 Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini na haikufungiwa. Dunia nzima ilikuwa inasubiri Filbert Bayi akutane na John Walker wa New Zealand kwenye mita 1,500. Bayi ndiye alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mbio hizo mwaka 1974 kule Christchurch, mbele ya Walker huyo huyo. Mbio za Montreal zikakimbiwa bila yeye, Walker akachukua dhahabu. Bayi alikuja kupata fedha ya kuruka viunzi na maji mwaka 1980 Moscow, lakini ile ya Montreal haikurudi tena.

Makaburu nao hawakukaa kimya. Walikuwa na pesa, wakaanza kununua timu. Kriketi yao ilikuwa imefungiwa, kwa hiyo wakawa wanaita wachezaji kwa siri na kuwalipa vizuri. Walianza na Waingereza. Halafu Januari 1983 wakafanya jambo ambalo halikutarajiwa na mtu: wakatua na timu ya watu weusi kutoka West Indies. Wachezaji 18 chini ya nahodha Lawrence Rowe. Wakubwa wao inatajwa waliahidiwa dola 100,000 na zaidi, pesa ambayo wengi wao wasingeiona hata wakicheza kriketi maisha yao yote.

Siyo wote walioitwa walikubali. Viv Richards alikataa. Michael Holding alikataa. Lakini Stephenson, miaka 23, ambaye hajawahi kuitwa timu ya taifa hata siku moja, alipanda ndege.

Nyumbani moto uliwaka. Karibiani yenyewe ni watu ambao babu zao walipelekwa kule kwa minyororo. Kumuona mtoto wako anakwenda kucheza mbele ya utawala unaomuita mtu mweusi nusu mtu, kwa malipo, ilikuwa ni tusi. Wakati ule ule, huku kwetu Mazimbu, Morogoro, watoto wa wakimbizi wa ANC walikuwa wanasoma kwenye shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala huo huo. Sasa pata picha.

Na huko walikokwenda, pesa haikuwabadilisha rangi. Colin Croft, mmoja wa watupaji wakubwa wa msafara ule, alipanda treni na kukaa kwenye behewa la wazungu. Kondakta akamtoa. Kwenye uwanja anashangiliwa, kwenye treni anaondolewa.

Bodi ya kriketi ya West Indies ikatoa hukumu: wote wamefungiwa maisha. Stephenson hakuwa ameanza hata kuichezea timu ya taifa, na tayari mlango umefungwa. Mkataba mmoja umekula maisha yote ya mbele.

VIATU VIKUBWA PALE NOTTINGHAM

Tukimbie mpaka 1988. Nottinghamshire walikuwa wametoka kuchukua ubingwa wa kaunti mwaka 1987 pamoja na kombe la NatWest. Mafanikio yale yalibebwa na watu wawili: Richard Hadlee wa New Zealand na Clive Rice wa Afrika Kusini. Msimu ulipoisha wote wawili wakaondoka kwa pamoja.

Hadlee siyo mtu wa kuzibiwa pengo kirahisi. Mwaka 1984 alikuwa amefanya kitu kinachoitwa "dabo". Maana yake ni kufikisha mikimbio 1,000 na wiketi 100 ndani ya msimu mmoja. Zamani dabo ilikuwa inapatikana, kwa sababu mechi zilikuwa nyingi. Mwaka 1969 mechi za kaunti zikapunguzwa, na tangu hapo watu wakaanza kusema dabo imekufa. Hadlee ndiye alikuwa wa kwanza kuifufua: mikimbio 1,179 na wiketi 117.

Sasa viatu hivyo akapewa Stephenson. Umri miaka 29, hana timu ya taifa, jina lake kwa wengi ni "yule wa msafara wa makaburu".

Jamaa alifika na silaha yake. Alikuwa mrefu na anatupa kwa kasi, lakini kilichowaua watu ni mpira wake wa polepole. Mkono unazunguka kwa kasi ile ile, uso ule ule, mpigaji anajiandaa kwa risasi. Kumbe mpira umeachiwa juu, unaelea kama unamfuata kichwani. Mpigaji anainama kukwepa. Mpira unashuka taratibu na kugonga vijiti nyuma yake. Msimu ule walikuwepo watu wazima, wapigaji wa kulipwa, waliotolewa wakiwa wameinama chini. Leo mpira wa polepole unatupwa kila mahali, hasa kwenye mechi fupi za ova 20. Enzi zile ulikuwa kama uchawi.

Halafu likaja jambo la kuuma. Kiangazi hicho hicho timu ya West Indies ilikuwa ziarani Uingereza chini ya Viv Richards. Mechi ya kwanza ya taifa, Juni 1988, ilichezwa wapi? Trent Bridge. Uwanja wa nyumbani wa Stephenson. Richards, Marshall na wenzao wakashuka kwenye nyasi zile zile anazotupia yeye kila wiki, na yeye haruhusiwi. Walimaliza ziara wakiwa wameshinda mechi nne kati ya tano bila kupoteza hata moja, Marshall akiwa na wiketi 35. Foleni ile ya Barbados ilikuwa bado inasonga, ila Stephenson alishatolewa kabisa kwenye mstari.

Kilichobaki ni kaunti. Akaipigania kana kwamba ndiyo timu ya taifa.

SIKU NNE ZA SEPTEMBA

Mechi ya mwisho ya msimu: Nottinghamshire dhidi ya Yorkshire, Trent Bridge, siku nne. Upande wa wiketi alishamaliza kazi zamani, alikuwa ameshapita 100 kwa mbali. Tatizo ni mikimbio. Alikuwa na 790. Ili apate dabo alihitaji 210 ndani ya mechi moja.

Kwa mtu ambaye kazi yake kuu ni kutupa, hilo siyo lengo, ni ndoto. Mikimbio 210 maana yake upige mia, halafu upige mia nyingine, na katikati ya hapo bado wanakutegemea utupe mpira siku nzima.

Yorkshire wakaanza kupiga. Stephenson akatupa, akaangusha wanne kwa mikimbio 105. Kazi nzuri, siyo ya ajabu.

Ikaja zamu yake ya kupiga. Akaondoka na 111. Sasa watu wakaanza kukokotoa. Yamebaki 99.

Yorkshire wakarudi kupiga awamu ya pili. Hapa ndipo mwili wa kawaida unakataa. Umepiga gongo masaa, miguu imeshiba, msimu mzima uko mgongoni. Yeye akatupa tena, akaangusha saba kwa mikimbio 117. Jumla wiketi 11 kwenye mechi moja.

Kisha awamu ya mwisho. Nottinghamshire wanakimbiza lengo, wenzake wanaanguka, na yeye anahitaji 99 zake. Akapiga 117.

Hesabu imetimia: 111 na 117 ni 228. Msimu ukafungwa na mikimbio 1,018 na wiketi 125. Dabo imepatikana, na tangu mechi zilipopunguzwa mwaka 1969 ni yeye na Hadlee tu walioipata.

Na mechi? Yorkshire walishinda. Ukitazama takwimu zake unaona kitu cha kushangaza: alipiga mikimbio 228 na kuruhusu 222 alipokuwa anatupa. Yaani peke yake alikuwa anaongoza kwa sita. Wengine 10 waliobaki hawakuweza kumbeba hapo.

ILE NAMBA ILIWAHI KUONEKANA

Sasa sikia hii. Agosti 1906, uwanja wa Bath, kusini magharibi mwa Uingereza. Yorkshire wanacheza na Somerset. Yorkshire wana mtu anaitwa George Hirst, mtoto wa kijiji cha Kirkheaton karibu na Huddersfield, aliyeacha shule akiwa mdogo na kwenda kufanya kazi. Siku mbili kabla, Jumamosi, Yorkshire walikuwa wamefungwa na Gloucestershire kwa mkimbio mmoja tu, na mkimbio huo ukawagharimu ubingwa, ukaenda Kent. Jumatatu wanaamka wapo Bath, mji wa jirani, na hasira zao.

Hirst akaangusha sita awamu ya kwanza na watano awamu ya pili. Na gongo mkononi akapiga mara ya kwanza 111. Mara ya pili 117, hakutolewa.

Ndiyo, namba zile zile. 111 na 117. Wiketi 11 zile zile. Miaka 82 katikati.

Yorkshire ya Hirst ilishinda kwa mikimbio 389. Yorkshire hiyo hiyo, mwaka 1988, ndiyo iliyokuwa upande wa pili Stephenson aliporudia namba za mtoto wao. Hirst alimaliza msimu wa 1906 na mikimbio 2,385 na wiketi 208, dabo mara mbili kwa mpigo, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa kama kuna mtu atakuja kuivunja rekodi ile, alijibu hajui, ila atakayeivunja atakuwa amechoka sana.

Mwaka mmoja kabla ya Hirst, B.J.T. Bosanquet wa Middlesex naye alipiga mia mbili kwenye mechi na kuangusha wiketi 11 dhidi ya Sussex. Kwa hiyo Stephenson aliingia kwenye chumba kidogo sana chenye watu wawili, wote wa enzi za taa za mafuta.

MLANGO ULIOFUNGULIWA BILA KUITWA

Mwaka 1989 kitabu kikubwa cha kriketi cha Uingereza, Wisden, kilimtaja kati ya wachezaji watano bora wa mwaka. Mwaka huo huo bodi ya West Indies ikafuta ile adhabu ya maisha. Mlango wazi. Akarudi akaichezea Barbados tena.

Simu ya timu ya taifa haikulia. Wala mwaka uliofuata. Alihamia Sussex, akacheza Orange Free State kule kule Afrika Kusini katika miaka ya 90, safari hii makaburu wakiwa wanaondoka na dunia ikiwa imeruhusu. Alistaafu na mechi 219 za daraja la juu, wiketi 792 na mikimbio zaidi ya 8,600. Mechi za taifa: sifuri. Baadaye akawa mchezaji wa gofu ya kulipwa na kufundisha vijana kwao Barbados. Watu wa kriketi mpaka leo wanapobishana nani bora zaidi ambaye hakuwahi kuvaa kofia ya West Indies, jina lake ndilo linaanza.

Yeye mwenyewe hajawahi kukaa akilia. Miaka mingi amekuwa akiutetea uamuzi wake, kwamba walikwenda kuwaonyesha wazungu wa Afrika Kusini kile ambacho mtu mweusi anaweza. Wapo wanaomwelewa. Wapo ambao mpaka wanazeeka hawataki kusikia. Na wenzake kadhaa wa msafara ule waliporudi walikuta wametengwa, wengine maisha yakawaharibikia kabisa.

Ukimweka Stephenson na Bayi meza moja, unaona makaburu walivyokuwa na mkono mrefu. Mmoja alikosa mbio za maisha yake kwa sababu nchi yake ilikataa. Mwingine alikosa timu ya maisha yake kwa sababu yeye alikubali. Tofauti ni kwamba Bayi akitembea mtaani, watu wanamsimamisha kumshukuru.

Septemba ile pale Trent Bridge, Stephenson alitoka uwanjani ameshindwa, mkononi ana namba ambazo hazikuwa zimeonekana kwa miaka 82. Makofi alipigiwa. Lakini yalikuwa makofi ya Nottingham.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Miaka 23, hujawahi kuitwa timu ya taifa, foleni mbele yako haisogei, na mezani kuna pesa ya kubadilisha ukoo mzima. Ungepanda ile ndege? Na kama alikosea, je, miaka sita ilitosha au alistahili kufungiwa maisha? Tiririka hapo chini, ila matusi hapana.